Zimemenywa na Nani

Kazi yangu huja kwa simu. Naweka kidole gumba kwenye kioo, simu inafunguka, na kwenye kundi letu la wasapu nakuta maneno yaleyale: kesho msiba Kanazi, saa moja asubuhi, nyeusi na nyeupe, nani yupo? Anayewahi kuandika "Nipo" ndiye anayepata siku. Anayechelewa anabaki nyumbani. Mimi huwa nawahi, maana nilishazoea kuandika kabla sijamaliza kusoma.

Nyeusi na nyeupe ni sketi nyeusi na shati jeupe. Tunapeleka maturubai, viti, meza, chakula na watu wa kukipakua. Watu hutuita kampuni, ingawa kampuni yenyewe ni mama mmoja wa Miembeni ambaye babu yake alikuja kutoka Pwani kuuza vitambaa, akaoa huku, akasahau kurudi. Sisi humwita Bi Mkubwa. Ana uwanja mpana nyuma ya nyumba yake, ana majiko makubwa manne, na ana pilau ambayo sijawahi kuona Mlutheri akiiacha kwenye sahani. Yeye mwenyewe husema bila haya kwamba biashara yake imesimama juu ya methali moja, nayo ni kufa kufaana. Harusi zina msimu wake, lakini watu hufa mwaka mzima.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya binafsi hapa mjini. Wanafunzi walipungua, mikataba ikafuata. Sikulia wala sikugombana na mtu, nilikabidhi vitabu nikaondoka. Kwenye kundi la Bi Mkubwa nilimkuta kijana mwenye shahada ya kilimo anabeba viti, na binti aliyesomea uhasibu anafuta vijiko. Vyeti vyetu tungevikusanya tungeweza kuezekea banda la kuku. Hatukuwa tunaulizana sana. Kazi mbaya si mchezo mwema, na huyu wa kilimo alikuwa na mgongo mzuri kwa viti.

Sitaki kujifanya nasikitika kwamba mambo yamebadilika. Wanawake wa Bukoba sasa wako benki, hospitali, madukani, kwenye vibanda vya kutuma pesa. Nani atapata mchana mzima wa kukaa chini amenye mkungu? Wakitoka kazini wananunua ndizi zilizokwisha kumenywa, zimefungwa kwenye mfuko, au wanapiga simu bodaboda inaleta chipsi mlangoni. Mimi mwenyewe nina chumba kimoja Bilele, nina jiko la gesi la sahani mbili, na chakula changu cha jioni mara nyingi ni mkate na yai. Mkungu mzima mara ya mwisho niliununua lini, sikumbuki. Kwa hiyo mtu akitupigia simu kwamba amefiwa na hataki ndugu zake wachoke, namwelewa.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nalia. Nilikuwa sijui nitasimamaje nyuma ya meza nikimwekea wali mwanamke aliyemzika mume wake saa moja iliyopita. Msimamizi wetu, kijana mpole anayevaa tai hata jua likiwaka, alinivuta pembeni akaniambia kwamba mtu anayelia humwaga mchuzi. Akasema niangalie sahani, nisiangalie uso. Nikaangalia sahani. Ikawa kama mikono ya wapishi wetu, ambayo imeshika sufuria za moto miaka mingi hadi haihitaji tena kitambaa. Baada ya muda nilikuwa naweza kupita katikati ya vilio nimebeba sinia la glasi na nikawa nawaza kama nimefunga gesi nyumbani.

Lakini kijijini kwetu Muleba, kwenye kibanja cha mama, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kampuni ilikuwa haijafika. Huko mtu akifa, hakuna anayeulizwa kama yupo. Wanaume wanachimba kaburi pembeni ya migomba, watoto wanakata nyasi za kutandika ndani, na wanawake wanakuja na visu. Hakuna msiba ambao mfiwa anagawa visu. Kila mwanamke anakuja na chake, kimefungwa kwenye jani la mgomba, na mkungu kichwani kama anao. Anakaa chini penye nafasi, anaanza kumenya. Hapo ndipo marehemu anapozungumzwa, mema yake na vituko vyake, na hapo ndipo watu wanapolia vizuri, mikono ikiwa na shughuli. Utomvu wa ndizi unaganda vidoleni, unakuwa mweusi, na hautoki kwa sabuni. Mwanamke akionekana sokoni na vidole vyeusi, watu wanamwambia pole kabla hawajamuuliza nani amekufa.

Kisu cha mama kilikuwa kidogo, kimenolewa hadi kimekuwa chembamba kama jani la muwa. Alikichomeka kwenye ukuta wa jikoni, kati ya miti miwili, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa hata kwa kukatia muwa huohuo. Kilikuwa cha misibani. Tangu nilipokuwa mdogo nilimwona akikichomoa, akichuma jani, akikifunga na kuondoka bila kuaga, na tulijua kwamba siku hiyo tutajipikia. Sikumbuki msiba uliomkosa. Baba alipofariki, wanawake walikuja wengi mno, hata mikungu ikaisha wakawa wananyang'anyana ndizi za mwisho za kumenya.

Mama aliugua mwaka huu. Alilazwa hospitali huko Muleba, na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sisi Wahaya tunamwita shwenkazi, ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikuwa naenda siku ambazo sikuandika "Nipo". Mara ya mwisho nilimkuta ameketi, ananiuliza kama nakula. Nikamwambia nakula. Akaangalia mikono yangu akasema, "Mikono laini hivi, unakula nini?" Akacheka, akalala.

Alhamisi asubuhi shwenkazi alipiga simu. Nilikuwa kitandani. Alisema, "Mwanangu, mama yako ametuacha," na nikasema, "Sawa." Sijui kwa nini nilisema sawa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisubiri jambo lije, huzuni au kizunguzungu, na hakikuja kitu. Nilichemsha chai. Nilipiga pasi gauni. Nilipanda gari hadi Muleba, nikashika mikono ya watu, nikasikia pole nyingi. Kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Dar es Salaam na ana ofisi yenye kiyoyozi, alisema kwenye simu kwamba angefika Ijumaa kwa ndege, mazishi yawe Jumamosi, na tusihangaike na chochote, ameshapanga kila kitu. Kaka ni mtu wa kupanga. Alikuwa analia huku anapanga, nikamwonea wivu.

Jioni ile simu ikalia kengele ya kundi. Niliweka kidole. Jumamosi msiba Muleba, gari linaondoka alfajiri, nyeusi na nyeupe, nani yupo? Nikaandika "Nipo".

Ndipo nikasoma mstari wa pili, ambao ulitaja kijiji chetu na kusema mteja yuko Dar, anataka huduma kamili kwa ajili ya mama yake mzazi.

Chini ya "Nipo" yangu wenzangu walikuwa wameshajipanga, Nipo, Nipo, Nipo. Sikuwa nimemwambia yeyote kwamba nimefiwa. Sikufuta. Niliiangalia ile "Nipo" hadi kioo kikazima, na kusema kweli sikuona palipokosewa, kwa sababu nitakuwepo. Baadaye Bi Mkubwa alipiga simu, sauti yake imeshuka. Alikuwa amelinganisha jina la ukoo la mteja na langu.

"Mwanangu, huu msiba ni wa kwenu?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Sasa mbona umeandika upo?"

"Nitakuwepo," nikamwambia.

Akasema innalillahi, akasema nipumzike, akasema ataongeza mbuzi kwa upande wake. Mimi nikamshukuru kwa adabu zote.

Ijumaa nilirudi Bukoba kumpokea kaka. Mvua ilikuwa imelala juu ya ziwa na ndege ikawa haionekani. Kusubiri uwanjani niliona kazi, nikatembea hadi Miembeni kwa Bi Mkubwa, si mbali. Nyuma ya nyumba wanawake wa kuitwa walikuwa wamezunguka mikungu na ndoo za maji. Ndizi za kesho humenywa leo, zinalala kwenye maji, alfajiri zinapakiwa. Nilijua ni za nani. Hakuna aliyenikaribisha wala kunifukuza. Nilichukua glovu kwenye boksi kama siku zote, maana Bi Mkubwa hataki kuona kidole kitupu kikigusa chakula cha mteja, nikakaa kwenye kiti kifupi nikamenya. Nilimenya vizuri. Ndoo ilipojaa nikavuta nyingine. Redio ilikuwa inapiga taarab na mwenzangu mmoja alikuwa anasimulia juu ya mwenye nyumba wake. Ndege iliposikika juu ya bati nilivua glovu, nikazitupa, nikaenda kumpokea kaka nikiwa na mikono misafi.

Jumamosi, jua lilipopanda, kijiji kilikuta maturubai meupe yameshasimama kati ya nyumba na migomba. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa. Kulikuwa na kipaza sauti, na kijana wa kamera aliyekuwa anarusha mazishi mubashara kwa ndugu walioko ng'ambo. Kaka alikuwa amevaa fulana yenye picha ya mama, akanipa na mimi yangu. Niliiweka ndani. Nilikuwa nimevaa nyeusi na nyeupe. Kwa nini, siwezi kueleza vizuri; nilipofungua begi asubuhi ndizo nguo zilizokuwa juu. Na binti mmoja wa kampuni alipochelewa kushuka na bakuli za saladi nilimpokea, nikafunga aproni, nikazipanga, nikaona vijiko vimekaa upande usio wake nikavihamisha. Msimamizi alinitazama, akapita.

Wanawake wakaja. Walikuja kwa njia ya migombani, mmoja nyuma ya mwingine, mikungu kichwani, visu kwenye majani. Shwenkazi alikuwa mbele. Msimamizi aliwakimbilia na tai yake.

"Mama zangu, karibuni sana, poleni. Leo mpumzike. Kila kitu kipo. Mikungu tutaiweka pembeni pale, nyie kaeni kwenye viti, maji hayo hapo."

Alisema kwa heshima kabisa. Ndivyo anavyosema kila mahali. Nao, kwa kuwa walikuwa wageni kwenye msiba na mgeni hagombani na mwenyeji, walikaa. Nilikuwa sijawahi kuwaona wanawake wale kwenye viti. Walikaa wima, chupa ya maji mkono mmoja, kisu kimelala mapajani ndani ya jani. Wanawake wakikosa la kufanya na mikono yao msibani, hata kulia wanasahau. Watu walikuja, wakapita, na pale kwenye viti palikuwa kimya kama kwenye foleni ya daktari.

Shwenkazi hakukaa sana. Alizunguka nyuma ya turubai kwenye majiko yetu, akainama juu ya ndoo, akaingiza mkono kwenye maji akatoa ndizi moja nyeupe.

"Zimemenywa na nani hizi?"

"Na kampuni, mama," akajibu msimamizi.

"Kampuni ina mikono?"

Msimamizi alicheka kidogo, akaona shwenkazi hacheki. Nikaweka chini sinia.

"Nimemenya mimi, shwenkazi. Jana, Bukoba."

Alinishika mikono. Aliigeuza, akaangalia vidole, akaangalia kucha, akainua macho.

"Mbona haina kitu?"

"Nilivaa glovu."

"Bojo!" alisema, na neno hilo kwetu ni la huruma na la kushangaa kwa pamoja. "Umemmenyea mama yako umevaa soksi mikononi."

Mwingine angesema hivyo ningecheka. Kaka alikuwa ameona tumesimama na anapenda kutatua mambo, akaja, simu sikioni, akaikata.

"Shwenkazi, kuna tatizo?"

"Tatizo ni hivi viti."

"Sikutaka mchoke. Mmemuuguza mama muda mrefu. Nimelipia ili mpumzike."

"Nani alikwambia tumechoka?" Hakupandisha sauti. "Sikiliza, waitu, mtu wetu. Mama yako ametumenyea sisi wote. Alimmenyea mume wangu. Alimmenyea mtoto wa huyu, na yule, na mama mkwe wa yule pale, siku ya mvua, akiwa na homa. Leo ni siku yake. Tukirudi nyumbani na visu vikavu, tutasema tumemzika nani?"

Kaka alinigeukia kama mtu anayetaka kutafsiriwa, na wote watatu tulikuwa tunasema lugha moja. Nilijua ratiba, nilijua chakula kinatoka saa ngapi na mchungaji anaanza saa ngapi, na nilijua kwamba kwenye ratiba yetu hakuna nafasi iliyoandikwa wanawake wamenye. Nilijua pia kwamba shwenkazi anasema kweli. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana, kimoja huku kingine kule, na hakuna hata kimoja kilichouma. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwogopa yule mtu aliyesimama na aproni katikati ya kibanja cha mama yake, haumwi na kitu.

Niliingia jikoni kwa mama. Moto ulikuwa umekufa na paka alikuwa amelala kwenye majivu. Kisu kilikuwa palepale kati ya miti miwili. Nilikichomoa, nikatoka, nikavua aproni nikampa msimamizi, kisha nikaenda ilikolazwa mikungu ya majirani, nikakaa chini na sketi yangu ya kazi, nikavuta mkungu wa kwanza. Sikuwa na ujasiri wowote. Miguu ilikuwa imechoka kusimama.

Kwanza alikuja shwenkazi. Halafu vile viti vikaanza kuachwa kimoja kimoja, na vile vitambaa vyake vyeupe vikabaki na alama za kukaliwa. Walinizunguka. Majani yakafunguliwa. Kwa muda hapakuwa na sauti nyingine ila ile ya ganda linapoachana na ndizi. Kisha mmoja akasema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo ya jana, "Huyu marehemu alikuwa mkali. Ukiacha nyama kwenye ganda anakuokotea, anakuonyesha, anakuuliza kama kwenu mnafuga tembo." Wakacheka. Mwingine akasema mama aliwahi kumfukuza mbuzi wa mwinjilisti hadi kanisani, akaingia naye, ibada ikasimama. Sikuwa nimewahi kuisikia hiyo. Walisema aliimba vibaya. Walisema alimkopesha huyu jembe hakulidai. Wakaanza kulia, si kwa pamoja, huyu analia yule anasimulia, kisha wanabadilishana, na visu havikusimama.

Mimi nilimenya. Nilisikiliza habari za mama kama habari za mtu ambaye ningependa kumfahamu.

Wazee wana msemo kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile wa mbali walianza, wakaingia, wakatoka, na mfiwa bado anamenya. Kaburini kaka alilia kwenye kipaza sauti hadi kijana wa kamera akashusha kamera yake kwa aibu. Nilirusha udongo wangu. Nilisikia wanawake wawili nyuma yangu: "Huyu hajalia." "Mwache, labda amepewa dawa za kutuliza hospitalini." Sikuwa nimetumia dawa yoyote. Nilitamani ziwepo, ningepata cha kusingizia.

Baada ya mazishi watu walikula pilau ya Bi Mkubwa na mbuzi wake, na hawakubakiza. Sisi wa jikoni tulipika ndizi zetu kwa maharage, kwenye sufuria ya mama, tukafunika na majani. Ziliiva wageni wengi wakiwa wameshaondoka. Kaka alikuja akasimama mlangoni, sahani ya pilau mkononi haijaguswa, fulana imeloa jasho juu ya uso wa mama.

"Mnipe na mimi," akasema.

Shwenkazi alimsogezea nyasi akakaa. Alikula kwa mkono, haraka, ameinamisha kichwa, na hakupanga kitu chochote hadi giza lilipoingia. Zile ndizi zangu za kwenye ndoo hazikupikwa. Maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi, jirani akazichukua kwa ajili ya ng'ombe wake.

Nilirudi kazini. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha, na msimamizi aliniomba nivae glovu hata wakati wa kupakua, kwa sababu wageni wanaangalia mikono. Nikavaa. Simu nayo ilikuwa imenikataa. Kila nilipoweka gumba kioo kilitetemeka na kusema hakinitambui, ikabidi niwe naandika namba. Hesabu za msiba zilipofungwa, pesa ya siku yangu ya Muleba ikaingia kwenye simu pamoja na za wenzangu. Mtu wa malipo hufuata majina yaliyoandika "Nipo", na mimi niliandika. Sikujua niirudishe kwa nani. Nilinunua gesi.

Vidole vilitakata. Simu ikanitambua tena, na maisha yakaendelea vilevile: mkate, yai, nyeusi na nyeupe. Kisu cha mama nilikuwa nimekuja nacho Bilele, nimekichomeka nyuma ya dirisha kwa kuwa ukuta wa saruji hauna miti. Kwenye misiba ya vijijini tuliyoitwa nilianza kuwaona. Zamani sikuwa nawaona. Kila mahali, pembeni ya turubai letu, wapo wanawake kadhaa wamekaa wima kwenye viti na kitu kimefungwa kwa jani mapajani, na kijana wetu anawapa maji ya chupa. Niliangalia sahani.

Msimu wa senene ulipofika, watu wa Bukoba wakiwa wanakesha na mataa kuwanasa, shwenkazi alipiga simu. Mzee wa kibanja cha jirani amefariki. Hakuniuliza kama nina nafasi. "Njoo na kisu," akasema, akakata.

Siku hiyohiyo kundi lilikuwa na harusi kubwa mjini, ile ya kuwahi. Anayekosa harusi kubwa mara nyingi hasahauliwi na msimamizi, yaani hukumbukwa kwa ubaya. Nilisoma ujumbe wote hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Sikuandika chochote. Nilichomoa kisu dirishani, na kwa kuwa Bilele uani kwetu hakuna mgomba nilikifunga kwa gazeti.

Nilifika wakiwa wameshaanza. Hapakuwa na turubai wala viti vya kuvalishwa. Watoto wa mzee hawakuwa na mtu wa Dar. Wanawake walikuwa wamekaa chini nyuma ya nyumba, na mmoja wao, bila kuniangalia, alisogea kidogo kulia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Nikaijua. Hapo, kati ya shwenkazi na yule aliyesimulia mambo ya tembo, ndipo mama alipokuwa akikaa. Nikakaa, nikafungua gazeti, nikaanza.

Simu ilitetemeka mapajani. Kundi. Niliifuta kwa kanga nikaweka kidole, ikanikataa. Nikakifuta kidole vizuri, nikaweka tena, ikanikataa. Nilikiangalia kile kidole. Kilikuwa cheusi, kimepasuka kidogo pembeni, kimeganda utomvu kwenye mikunjo. Kilikuwa kidole cha mama. Alikuwa akirudi jioni na vidole hivyohivyo, akitushika mashavu navyo, tukipiga kelele kwamba anatunatisha, na yeye akizidi kutunatisha.

Hapo ndipo nilipolia. Kilio kililipuka kutoka chini, kwa sauti mbaya, sauti ambayo sikujua ninayo, na kisu kikaniponyoka. Wanawake hawakushtuka. Yule wa pembeni aliniwekea mkono mgongoni, mkono unaonata.

"Lia, mwanangu," akasema. "Alikuwa mzee mwema."

Yule mzee nilimjua kwa mbali tu. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinifukuza kwenye miparachichi yake kwa fimbo. Sikumsahihisha yule mama. Shwenkazi, ambaye hakudanganyika hata kidogo, aliokota kisu, akakifuta kwenye kanga yake, akakirudisha mkononi mwangu, na akanisogezea ndizi nyingine.